Magunia ya Kahawa, Kindu

Magharibi ya Kindu, mji wetu wa Maniema hapa Kongo, ukivuka msitu, unapita mto Lomami. Kahawa ya porini ya bonde lile ilichukuliwa na Wabelgiji miaka ya 1890. Kampuni moja ya miche ya Brussels ikaiita robusta, na mwaka 1901 kahawa hiyo ikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa inaua arabika tangu 1876. Yetu ikasimama. Vijana wangu husikia hadithi hiyo wakavimba vichwa.

Mimi nawaambia taratibu. Robusta haikusalimika na skoliti, kale kadudu kanakotoboa punje, wala na mnyauko uliowafanya wataalamu wa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Yangambi, watafute mbegu zinazouhimili. Baada ya vita vya pili vya dunia ikaja dawa ya wadudu ya DDT, kisha endosulfani, ambayo Mkataba wa Stockholm uliiwekea marufuku mwaka 2011.

Lakini shamba si mahali pekee pa kutazama mabaki ya dawa. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja karibu na stesheni ya reli, na nilichokiogopa ni magunia. Yalirudi kutoka kila upande: moja lilikuwa na unga, jingine lilikuwa na pamba, jingine lilikuwa na mbegu zilizopakwa dawa ya fukusi. Mwenye mali alikung'uta, akajaza kahawa, akashona. Ukimwuliza gunia lilibeba nini jana, anakutazama kama mtu aliyechelewesha treni.

Mwaka 2008 Japani ilikuta mabaki ya viuadudu katika kahawa ya Ethiopia, biashara ikakwama, na uchunguzi ukaelekezwa kwenye magunia. Niliposikia sikushangaa hata kidogo.

Kwetu Maniema, Zairianizasheni ya Novemba 1973, yaani kutwaliwa kwa mali za wageni, kisha vita vya 1996 na 1998, viliacha mashamba makubwa yamezwe na pori. Mkulima wa leo hapulizi dawa kwa sababu hana hela ya kununua hata lita moja. Wanunuzi wanaiita kahawa hiyo "biyo", yaani isiyo na dawa. Mimi naiita kahawa ya mtu maskini; usafi wake utathibitishwa na maabara, si na mfuko mtupu.

Basi ndugu mkulima, mwaka huu ukipeleka kahawa yako, gharamia gunia jipya. Lile lililowahi kukaa na dawa, usilitie kahawa tena.