Mbwa wa Bwana Msa

Mbwa wa Mbozi Mission wana kazi zao. Anayemfuata mwenyewe shambani anafukuza ngedere kwenye mahindi. Anayebaki nyumbani anabwekea wageni, nikiwemo mimi niliyepita na Mzimu wa Watu wa Kale kwapani, nakala kuukuu isiyo na jalada. Nilikuwa nafuatilia jambo dogo: imekuwaje wapelelezi wa vitabu vyetu hawana mbwa?

Kusoma kuliingia huku na Wamoravian. Traugott Bachmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefungua kituo hiki mwaka 1899, alijifunza Kinyiha akakitafsiria Agano Jipya. Hadithi za mauaji na ujanja zilikuja baadaye sana, kwa Kiswahili, zikipanda kutoka pwani.

Aliyezianzisha ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu. Watu wananong'ona kuhusu pepo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake na kuuliza nani alikuwa wapi. Damu ni kidogo, bunduki hazirindimi, na maneno ya barazani yana uzito kuliko mbio za magari. Bunduki zilikuja na Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya 1974, na ladha ikabadilika kabisa.

Kiko na akili hizo zina asili yake London, kwa Sherlock Holmes. Lakini Holmes huazima mbwa anapohitaji kunusa nyayo. Bwana Msa ana Najum, ambaye hanusi chochote. Kazi yake ni kustaajabu na kukosea kwa niaba yetu wasomaji. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ana Nuru. Mbwa hakuna.

Kwa Unguja jibu liko wazi. Katika fiqhi ya Kishafii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mpelelezi anayeingia nyumba za watu, akakaribishwa mkekani na kumiminiwa kahawa, angeachwa nje pamoja na mnyama wake, na upelelezi ungekwama mlangoni. Bara nako, hata pasipo najisi, mbwa ni wa uani. Ninavyoona, pua ya kunusa Abdulla alikuwa nayo mwenyewe: kuanzia 1938 alifanya kazi ya bwana afya, mtu wa kuchungulia visima na mitaro na kuuliza watu maswali wasiyoyapenda. Tena kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo la Tanganyika. Nilifurahi kulikumbuka hilo nikiwa katikati ya mibuni: muumba wa Bwana Msa alikula mshahara wa mambo ya mbegu na mbolea.

Holmes ana kisa kimoja, cha 1892, cha farasi wa mashindano aliyeibwa usiku. Mbwa wa bandani hakubweka, na kimya hicho kikamtaja mwizi: alikuwa mtu wa nyumbani. Nilikiwaza kisa hicho mbele ya Kimondo, kwenye mteremko wa Marengi. Pande la chuma na nikeli, tani zipatazo 16, urefu unaozidi mita 3, limelala pale kama ng'ombe aliyeshiba. W. H. Nott, mpima ardhi, ndiye aliyelitangaza kwa ulimwengu wa nje mwaka 1930. Wenyeji, ambao ni watu wa kufua chuma tangu enzi, walikuwa wakilijua siku zote. Shimo la kuangukia halionekani. Hadithi ya babu aliyeona moto ukishuka nayo haipo. Wataalamu wakasoma kukosekana huko: lilianguka zamani mno, shimo likafukiwa na mmomonyoko, masimulizi yakafa na wasimuliaji. Desemba 1930 mwanajiolojia D. R. Grantham alikata kipande cha sentimita kama 10 kwa msumeno wa chuma. Ilimchukua saa kumi. Bwana Msa angekaa kivulini, akajaza kiko tena na tena, akimtazama.

Leo mkoa huu wa Songwe, uliozaliwa 2016, una visa vya kutosha. Malori yanalala foleni Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, na msimu wa kahawa kila mtu ana la kusema kuhusu mizani. Riwaya ya hapa isingehitaji jasusi wa kutoka Dar es Salaam. Ningempa kazi bwana shamba mstaafu, mwenye pikipiki na daftari, anayejua kilo za kila kaya kwa kichwa, na mbwa mmoja wa kienyeji anayembwekea kila mtu isipokuwa karani wa ghala. Ila asimpakie kwenye pikipiki. Huku hakuna msomaji atakayeamini.