Sura na Viungo vya Tovuti: Historia ya Mandhari na Plagini za WordPress

Katika muongo wa kwanza wa wavuti, suala la kuchagua sura ya tovuti kutoka katika ghala la sura zilizokwisha kutengenezwa halikuwapo, kwa kuwa maandishi na mwonekano wake vilikaa mahali pamoja: kadiri vivinjari vilivyoongezewa uwezo wa kuonyesha rangi, aina za herufi na safu, maagizo ya mambo hayo yaliandikwa ndani ya kila ukurasa, na mwenye tovuti aliyetaka kubadili rangi ya vichwa vya habari alilazimika kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuurekebisha kwa mkono. Pendekezo alilolitoa Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994 ndilo lililozaa CSS, yaani lugha ya kuelezea mwonekano ambayo huhifadhiwa kando na maandishi yenyewe, na ingawa lugha hiyo iliidhinishwa rasmi Desemba 1996, ilichukua miaka kadhaa kabla vivinjari havijaifuata kwa uaminifu. Mei 2003 mbunifu wa Kanada, Dave Shea, alionyesha uwezo wake kwa mradi alioupa jina la CSS Zen Garden, ambamo ukurasa uleule, pasipo kubadilishwa neno hata moja, ulivishwa sura nyingi zisizofanana kabisa.

Mwezi huohuo, tarehe 27, lilitolewa toleo la kwanza la WordPress, programu ya kuendeshea tovuti ambayo historia yake ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi watu wa kawaida walivyopata uwezo wa kuchagua. Programu hiyo ilitokana na b2, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Mfaransa Michel Valdrighi na ambayo maendeleo yake yalikuwa yamekwama, ndipo Matt Mullenweg, kijana wa Houston katika jimbo la Texas, na Mike Little wa Uingereza walipochukua msimbo wake na kuuendeleza, jambo lililowezekana kwa sababu leseni yake, inayofahamika kwa herufi GPL, ilimruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza mradi atakayepokea nakala naye apewe haki hizohizo. Hata hivyo, katika matoleo ya awali aliyetaka kuongeza jambo lisilokuwamo alihariri mafaili ya programu yenyewe, na toleo jipya lilipokuja mafaili hayo yalifunikwa na mapya, kazi yake ikapotea.

Tatizo hilo lilipatiwa ufumbuzi katika toleo la 1.2 la Mei 2004, lililoleta plagini, yaani vipande vya programu vinavyokaa katika folda yao na kuongeza uwezo wa tovuti bila kugusa kiini chake. Msingi wake ni kile ambacho waandishi wa programu hukiita kulabu: katika sehemu zilizoteuliwa, kwa mfano kabla ya makala kuonyeshwa au mwishoni mwa ukurasa, programu husimama na kuuliza kama kuna plagini yoyote iliyojiandikisha kufanya kazi hapo, na kama ipo huipisha kwanza ndipo iendelee. Mfano uliosambazwa pamoja na WordPress ni Hello Dolly, plagini ya Mullenweg ambayo haina kazi nyingine ila kuonyesha, juu ya kurasa za usimamizi, mstari mmoja wa wimbo uliovumishwa na Louis Armstrong. Udogo wake uliwafaa waliotaka kujifunza, kwani faili moja fupi lilitosha kuwaonyesha namna ya kujinasa kwenye kulabu. Wakati huohuo, kampuni iliyomiliki Movable Type, programu iliyotamba zaidi wakati huo, ilibadilisha masharti ya leseni na bei zake, na watumiaji wengi waliokerwa wakahamia WordPress.

Mandhari, kwa maana ya mkusanyiko wa mafaili unaoamua tovuti itaonekanaje, yalikuja na toleo la 1.5 mwezi Februari 2005. Kila mandhari yaliwekwa katika folda yake, na folda hiyo ilipaswa kuwa na faili liitwalo style.css ambalo mistari yake ya juu hutaja jina la mandhari, mtungaji na namba ya toleo. Programu husoma mistari hiyo na kuyaorodhesha mandhari kwenye ukurasa wa usimamizi, ambapo mwenye tovuti hubofya mara moja tu na sura yote ikabadilika, huku makala zake zikibaki salama katika hifadhidata. Mandhari ya msingi yaliyofuatana na toleo hilo, Kubrick, yalikuwa kazi ya Mdenmaki Michael Heilemann, na utepe wake wa buluu wenye pembe za mviringo ulienea katika tovuti nyingi kiasi kwamba kwa takriban miaka mitano, hadi nafasi yake iliposhikwa na Twenty Ten mwaka 2010, uliweza kutambulika popote. Programu shindani nazo zilipita njia iyo hiyo kwa istilahi zao: Drupal ya Mbelgiji Dries Buytaert iliita nyongeza zake moduli, na Joomla, iliyojitenga na programu iliyoitwa Mambo mwaka 2005 na kuchukua jina lake kutoka neno la Kiswahili jumla, ilijijengea ghala kubwa la viendelezi.

Wingi wa mandhari ya bure ulileta biashara ya kificho. Baadhi ya watungaji walilipwa ili waweke katika sehemu ya chini ya kila ukurasa viungo vya kuelekea tovuti za kamari au mikopo, kwa kuwa injini za utafutaji zilipima hadhi ya tovuti kwa idadi ya viungo vinavyoielekea. Wengine waliuficha msimbo wa viungo hivyo kwa kuusimba, ili mwenye tovuti asiweze kuusoma wala kuufuta. Ghala rasmi la mandhari lililofunguliwa mwaka 2008 lilikusudiwa kuziba mwanya huo kwa kukagua kila kinachopokewa. Toleo la 2.7 la Desemba mwaka huo lilimwezesha mtumiaji kutafuta na kusakinisha plagini akiwa ndani ya ukurasa wake wa usimamizi, na toleo la 2.8 la Juni 2009 likafanya vivyo hivyo kwa mandhari. Kabla ya hapo, mtu alipakua faili, akalifungua kwenye kompyuta yake na kulihamishia kwenye seva mwenyewe, kazi ambayo kwa usumbufu wake ilimpa walau nafasi ya kuyaona mafaili anayoyaingiza. Wepesi mpya ulikuwa neema kubwa kwa wasio mafundi, lakini pia uliwazoesha watu kuchagua kwa kutazama picha ya sura peke yake.

Mabishano kuhusu mandhari ya kulipia yalihusu leseni kuliko bei. Mwaka 2009 Mullenweg alitangaza maoni ya kisheria ya shirika la Software Freedom Law Center, yaliyosema kwamba msimbo wa lugha ya PHP ulio ndani ya mandhari unafungwa na GPL kwa kuwa unategemea WordPress, ilhali picha na CSS vinaweza kuwa na leseni nyingine. Mwaka uliofuata Chris Pearson, mtungaji wa mandhari ya Thesis, aliyapinga maoni hayo hadharani, kisha akakubali kuigawa leseni ya mandhari yake kwa mtindo huohuo. Kampuni ya WooThemes, ambayo miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Adii Pienaar wa Afrika Kusini, ilithibitisha kwamba leseni huria haiui biashara: plagini yake ya maduka, WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011, ilipata nguvu kiasi cha kampuni yenyewe kununuliwa na Automattic ya Mullenweg mwaka 2015.

Tukio lililofichua hatari ya uchaguzi wa macho lilitokea Agosti 2011. Mandhari mengi, ya bure na ya kulipia, yalibeba ndani yake faili dogo liitwalo TimThumb, ambalo kazi yake ilikuwa kupunguza vipimo vya picha, na ambalo liliweza kuchukua picha kutoka tovuti chache za nje zilizoaminiwa, kama Flickr. Ukaguzi wake, hata hivyo, uliangalia tu kama jina la tovuti iliyoaminiwa limo mahali fulani katika anwani, hivyo mdukuzi aliyetanguliza jina hilo katika anwani ya tovuti yake mwenyewe alipita bila kizuizi, na faili alilolileta, ambalo lilikuwa programu wala si picha, lilihifadhiwa kwenye folda iliyofikika kutoka nje, likasubiri kuitwa. Mark Maunder aligundua kasoro hiyo baada ya tovuti yake mwenyewe kuingiliwa, naye alishiriki kuuandika msimbo upya. Lakini dawa haikuwafikia wengi kwa urahisi, kwani kusasisha WordPress hakukugusa nakala zilizofichika ndani ya mandhari, na wenye tovuti wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la TimThumb, sembuse kujua kwamba wanalo.

Tangu hapo swali la nani anayeitunza plagini lilizidi kuwa zito kuliko swali la inafanya nini, na ndiyo sababu takwimu zinazoonyeshwa katika ghala rasmi, yaani tarehe ya sasisho la mwisho, toleo la WordPress ambalo imejaribiwa nalo na idadi ya tovuti zinazoitumia, zinastahili kusomwa kabla ya picha. Hata hizo hazitoshi pale mmiliki anapobadilika: mwaka 2017 plagini ya Display Widgets, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa, na mmiliki mpya akaitumia kupenyeza matangazo ya siri katika kurasa za watu waliokuwa wameiamini kwa miaka.

Mfumo wa bloku, yaani vipande vya ukurasa vinavyopangwa na kuhaririwa kimoja kimoja, ulioletwa na toleo la 5.0 Desemba 2018 na kupanuliwa na toleo la 5.9 Januari 2022 hadi ukatawala kichwa na mguu wa ukurasa, umepunguza umbali kati ya mandhari na uhariri, kwani mengi yaliyokuwa yakihitaji mandhari mapya sasa hupangwa na mwenye tovuti mwenyewe. Utegemezi wa plagini haukupungua kwa kiasi hicho. Advanced Custom Fields, iliyotungwa na Mwaustralia Elliot Condon na kutumika katika tovuti zaidi ya milioni 2, iliuzwa mwaka 2021, ikaingia mikononi mwa kampuni ya WP Engine mwaka 2022, na tarehe 12 Oktoba 2024, katikati ya ugomvi kati ya kampuni hiyo na Mullenweg, nafasi yake katika ghala rasmi ilitwaliwa na kupewa jina la Secure Custom Fields, hivi kwamba tovuti zilizokuwa zimeruhusu masasisho ya kujiendesha zilianza kupokea msimbo wa watunzaji wengine bila wenye tovuti kuulizwa. Amri ya mahakama ya California ya Desemba mwaka huo iliirudisha nafasi hiyo kwa WP Engine, na plagini hizo mbili, zenye asili moja na watunzaji tofauti, zikabaki katika ghala moja.