Reli inayokwepa Maporomoko ya Boyoma

Anayetaka kuwaonyesha watoto wake reli huko Kisangani huanza na maji. Mji wenyewe uko kwenye ukingo wa kulia wa Mto Kongo, stesheni iko ng'ambo, Lubunga. Kwa hiyo mtumbwi kwanza, reli baadaye.

Maporomoko saba ya Boyoma kwenye mto huo ndiyo yaliyoileta reli hii. Wavuvi Wagenia waliyageuza kuwa riziki, wakisimika magogo kwenye miamba na kutundika madema makubwa ya kunasia samaki. Lakini meli zilishindwa kuyapita.

Ndipo kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ikatandika reli ya kilomita 125 msituni. Mwaka 1906 iliunganisha Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kutoka hapo abiria alirudi melini hadi Kindu. Panda, shuka, panda tena!

Reli hiyo ina kumbukumbu chungu pia. Mwaka 1997 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi kandokando yake, Biaro na Kasese, na treni ikawabeba baadhi yao kuelekea Kisangani.