Kuhesabu ng'ombe wa Isiolo bila kuwaona wote

Wakati wa kiangazi mifugo ya Isiolo hurundikana kando ya mto Ewaso Nyiro. Utaihesabuje kwa sampuli? Mwaka 1969 mwanatakwimu G. M. Jolly alichapisha kanuni za kukadiria wanyama kutoka ndegeni. Miaka ya 1970 kitengo cha serikali, KREMU, kikaanza kuhesabu hivyo mifugo na wanyamapori wa nyanda kavu za Kenya.

Wao hawakuwa na idadi kamili ya kulinganisha. Sisi tunayo, tukiibuni! Nimetawanya ng'ombe 10,000 kwenye kompyuta, 9,000 karibu na mto, nikarudia kila njia mara 1,000. Mistari inayofuata mto huyumba: mmoja hukuta kundi zima, mwingine patupu. Inayoukata mto hukaribia ukweli.

Ukame ukija, kosa hilo ni malori ya nyasi yasiyotosha. Jaribuni, mniambie.