Mwandishi na Msomaji Wake Katika Ukambani

Msomaji wangu, hadithi isiyo na msikilizaji ni kama ngoma ipigwayo nyikani. Wazee wa Ukambani walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Msimulizi wa jioni, aketipo mbele ya moto, alizitazama nyuso. Zikianza kusinzia, hubadili sauti au huingiza wimbo.

John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alizikusanya ngano hizo, na baadhi yake zilitoka kitabuni mwaka 1966. Lakini kitabu hakioni nyuso. Basi mwandishi atampataje msomaji asiyemwona?

David Maillu, aliyezaliwa Kilungu, Makueni, mwaka 1939, alilijibu swali hilo kwa namna yake. Aliwauliza watu kwanza wapenda kusoma nini. Kisha akaanzisha Comb Books mjini Nairobi, akatoa vitabu vyembamba vya bei nafuu na lugha nyepesi, juu ya ulevi, mapenzi na taabu za mjini. My Dear Bottle kilitoka mwaka 1973, na After 4.30 mwaka 1974. Vilinunuliwa hata na watu wasiozoea kununua vitabu. Wahakiki walivishutumu kwa utovu wa adabu, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku.

Nawe utakaye kuandika, pima mwenyewe. Kumjua msomaji si aibu. Aibu ni kumwita kisha usimpe kitu. Utamu humwita mlaji, bali shibe ndiyo imrudishayo.