Sipiyu Zisizo na Namba

Nimetunza stoo za shule upande huu wa Kibabii tangu enzi za leja za karatasi, na bado nashikilia kwamba mali iliyotusumbua kuandika si kemikali za maabara wala mahindi ya jikoni. Ni kompyuta ya kuunganishwa.

Utaratibu tuliurithi serikalini. Mali ikiingia ni fomu ya S13, ikitolewa ni S11, na kila kifaa cha kudumu kina ukurasa wake kwenye leja. Ulitungwa kwa ajili ya madawati, cherehani na taipureta. Taipureta ina namba iliyopigwa kwenye chuma; fundi akibadilisha utepe, mwili unabaki ule ule.

Hata kompyuta za kwanza hazikutupa shida. Baada ya shirika la Computers for Schools Kenya kuanzishwa mwaka 2002, shule nyingi nchini zilipata mashine zilizokwisha kutumika. Dell ilikuja na kibandiko chenye herufi na tarakimu 7, na ukiiwasha ukaiuliza, inakutajia zile zile. Nikanakili, nikafunga leja.

Kisha zikaja hizo za kuunganishwa, yaani kloni. Mzizi wake uko Marekani. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981 iliiunda kwa vipande vingi vya kununuliwa kwa viwanda vingine, wala haikuficha mpangilio wake. Kampuni nyingine zikaiga, Compaq ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na mwishowe mtu yeyote mwenye bisibisi na keisi tupu akaweza kuunda kompyuta. Ufundi huo ukashuka hadi maduka ya Nairobi, Eldoret, Kitale na Bungoma mjini. Huku kwetu wateja hawakukosekana: mwaka 2011 Kibabii ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi, na Novemba 2015 Kibabii ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Kando ya barabara ya Chwele kukazuka saiba na vibanda vya kuchapa. Kloni ilikuwa nafuu na vipuri vyake vilipatikana, kwa hiyo shule nazo zikanunua. Sizilaumu.

Sisi wa stoo tulifanya tulilolijua: tukapaka namba kwa rangi ubavuni mwa keisi, baadaye tukabandika stika. Hiyo ni sawa na kumtambua ng'ombe kwa kamba ya shingoni. Katika shule moja nisiyoitaja, mkaguzi alikuta keisi zote na stika zote, lakini ndani ya baadhi ya sipiyu, yaani masanduku ya kompyuta, ramu ilikuwa nusu ya ile iliyolipiwa. Leja haikuwa na la kusema, maana ilihesabu masanduku tu.

Kijana wa tehama akasema programu itatuokoa. Akaziuliza mashine namba zao moja baada ya nyingine.

"Mzee, zote zinajibu kitu kimoja."

"Zinajibuje?"

"Kwamba mtengenezaji atajaza."

"Mtengenezaji ni nani?"

"Ni huyo wa duka uliyemlipa."

Ndivyo ilivyo. Kiwanda cha mazabodi huacha nafasi ya namba ya kompyuta nzima wazi, ili aliyeiunganisha aijaze. Kampuni kubwa hujaza. Mwenye duka la mjini, ambaye keisi, pawasaplai na hadi diski amezipata kwa watu tofauti, kwa kawaida hajazi chochote. Namba ya kadi ya mtandao ipo kweli: alama 12, 6 za mwanzo zikimtaja aliyetengeneza kadi. Lakini kadi ikiwa ya kuchomekwa, inachomolewa kwa dakika moja na kwenda kuishi kwenye mashine nyingine.

Nikaanza kufungua vifuniko. Kila sipiyu ikapata kadi yake ya karatasi: namba ya mazabodi, namba ya hadi diski, ukubwa wa ramu, na tarehe ya kila kipuri kilichobadilishwa pamoja na sahihi ya fundi. Mazabodi ikibadilishwa, nafunga ukurasa wa zamani na kufungua mpya. Mhasibu hakupenda. Kwake yeye, kilichonunuliwa ni kompyuta moja na imebaki moja. Kwa hesabu za fedha labda ana haki. Kwa mlinzi wa mali, hana.

Sheria haijatupunguzia kazi. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinadai rejista ya mali, na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya mwaka huo huo inataka mali chakavu ipitie kwenye kamati kabla ya kuuzwa. Kamati ikiletewa sipiyu iliyofyonzwa ramu na diski, bila kadi haitajua kama ilichakaa au iliporwa.

Kwa hiyo wewe unayepokea kloni wiki hii, usitie sahihi S13 kabla hujafungua kifuniko. Mwambie mwenye duka ajaze ile nafasi ya namba mbele yako, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti.