Visiwa vya Mchanga vya Lualaba: Jinsi Safari za Ndege wa Maniema Zilivyosomwa

Katika mwambao wa Bahari ya Hindi, kisiwa kidogo kinachoungana na nchi kavu maji yanapokupwa, kisha kikatengwa nayo yanapojaa, hubadilika mara mbili kwa siku, na ndege wanaokula ufukweni huishi kwa kufuata mabadiliko hayo. Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, uko mbali mno na bahari kupata bamvua, lakini mto Lualaba, ambao ndio Kongo yenyewe katika sehemu yake ya juu, una kupwa na kujaa kwake, tofauti ikiwa ni kwamba mzunguko wake huhesabiwa kwa miezi. Kiangazi kinapokolea na maji kushuka, mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya mto, yakawa visiwa vya muda ambavyo mitumbwi hulazimika kuvizunguka.

Mafungu ya namna hiyo, kotekote katika mito mikubwa ya Afrika, ndiyo makazi ya kuzalia ya ndege wachache wasiojenga kiota chochote. Mmoja wao ni yule ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, naye huruka juu kidogo ya maji akiyakata kwa mdomo huo mpaka uguse samaki. Mayai yake hulala katika kishimo kilichokwanguliwa mchangani, kwa hiyo ni lazima makinda yawe yameanza kuruka kabla mvua za juu ya mto hazijarudisha maji. Ndege huyu huhama ndani ya bara hilihili, akifuata mito inayopungua, na wala hana haja ya kwenda Ulaya.

Jambo hilo la kuhama ndani ya Afrika lilichelewa kueleweka, na sababu si ugumu wake tu. Elimu ya ndege wa Kongo iliandikwa kwanza na watu waliokuja kukusanya ngozi, yaani ndege waliouawa, wakachunwa, wakajazwa pamba na kufungwa kikaratasi mguuni chenye mahali na tarehe. Mwaka 1886 Friedrich Bohndorff, aliyesafiri na Oskar Lenz, alikusanya ndege Kasongo, kusini ya Kindu, wakati njia za nchi hiyo zilikuwa bado mikononi mwa wafanyabiashara wa pembe waliotoka pwani, watu wale wale walioleta Kiswahili Maniema. Ndege aliyehifadhiwa hivyo hawezi kusema alikotoka wala alikokuwa akienda; kinachobaki ni kile kikaratasi.

Mtu aliyejua kukisoma alikuwa James Chapin, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1909 akiwa na umri wa miaka 19, pamoja na Herbert Lang, katika msafara wa makumbusho ya historia ya viumbe ya New York, ambao kambi zake kubwa zilikuwa kaskazini-mashariki mwa nchi. Mwaka 1916 alichapisha uchunguzi juu ya kipasuasanda mmoja, ndege wa jamii ya wale wanaolala mchana na kuwinda wadudu gizani, ambaye dume lake wakati wa kuzaliana huwa na unyoya mmoja mrefu mno katika kila bawa, unaopeperuka nyuma yake kama utepe. Chapin alilinganisha tarehe na mahali pa vielelezo vilivyopatikana, akaona kwamba ndege huyo huzaa kusini ya ikweta mvua za huko zinapoanza, na makinda yakishakua huvuka msitu kwenda mbuga za kaskazini, ambako mvua nazo ndiyo kwanza zinafika, kisha hurudi. Maana yake ni kwamba maisha yake yote hupita mvuani, na anayejua kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini baada ya mvua na ambao watu wa Maniema wenyewe huwala, hahitaji maelezo zaidi ya chakula kinachomvuta.

Uchunguzi huo unastahili sifa kuliko ule uliompa Chapin umaarufu. Mwaka 1936, katika Makumbusho ya Kongo huko Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliojazwa pamba na kuandikwa kuwa ni tausi wachanga wa India, akakumbuka unyoya alioupata Ituri mwaka 1913 bila kumjua mwenyewe, na hivyo tausi wa Kongo, anayeishi pia katika misitu ya Maniema, akaingia katika vitabu. Kikaratasi kilikuwa kimedanganya kwa miaka mingi. Inafaa kukumbuka kwamba wawindaji wa msituni hawakudanganyika hata siku moja, kwani walikuwa wakimtega na kumla.

Kuhusu wageni wa kutoka kaskazini, ushahidi ulianza kwa pete. Mbayuwayu mmoja aliyefungwa pete mguuni huko Cheadle, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alinaswa Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912, na kwa mara ya kwanza ikawa dhahiri kuwa mbayuwayu wa Uingereza hufika ncha ya bara. Pete hutaja mwanzo na mwisho wa safari, haitaji njia. Kati ya ncha hizo mbili ulitanda msitu wa Kongo, na ulibaki karibu mtupu katika ramani hadi mwaka 2011, wakati shirika la British Trust for Ornithology lilipowafunga kekeo watano wa Uingereza vyombo vidogo vinavyotumia nguvu za jua na kuwasiliana na setilaiti. Wote watano walifika bonde la Kongo. Teleka, ambaye watafiti wa Lund nchini Sweden walionyesha mwaka 2016 kuwa anaweza kukaa hewani miezi kumi, hupitisha sehemu ya muda huo juu ya misitu hiyo bila kutua hata mara moja.

Vitabu vya Ulaya bado huita nchi hizi makao ya baridi, jina la ajabu kwa mahali palipo nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Mbayuwayu hufika kuanzia Oktoba na kuondoka kati ya Machi na Aprili. Kile kinachosherehekewa kaskazini kuwa ni kurudi kwake katika majira ya chipuko, kwa mtu aliye kando ya Lualaba ni kuaga.

Kaskazini-magharibi ya Kindu, Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilitangazwa mwaka 2016, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,800 katika majimbo ya Maniema na Tshopo, miaka minne baada ya tumbili lesula wa misitu hiyo kutambulishwa kwa wanasayansi. Tausi yumo ndani ya mipaka hiyo. Mafungu ya mchanga ya Lualaba hayamo, na kuyachorea mpaka si kazi rahisi, kwa sababu maji ya kila mwaka huyabomoa na kuyajenga upya mahali pengine.